Meza ya Bata Mzinga: Chimbuko la Filamu za Familia Zisizopatana Nchini Marekani

Miongoni mwa aina za filamu za kuchekesha zilizojengeka nchini Marekani katika karne ya 20, ipo moja inayotambulika upesi hata na mtazamaji asiyeijua historia yake: ndugu waliotawanyika katika miji ya mbali wanarudi kwa wazazi wao siku moja au mbili kabla ya sikukuu, wanalala katika vyumba walivyolala utotoni, wanaketi kuizunguka meza moja, na kabla sahani hazijaondolewa kila mmoja amekwisha kutamka lile aliloapa kwamba hatalitamka. Sikukuu hiyo huwa ni Krismasi au Sikukuu ya Shukrani, yaani siku ya mapumziko ya taifa inayoadhimishwa Alhamisi ya nne ya mwezi wa Novemba, ambayo mlo wake mkuu ni bata mzinga mzima aliyeokwa na kukatwa mbele ya wote. Ni rahisi kuzichukulia filamu hizi kuwa shambulio la kizazi kipya dhidi ya desturi kongwe iliyokuwa na amani tangu asili, lakini ukweli wa kihistoria hauko hivyo. Desturi ya kurudi nyumbani ilitungwa katikati ya karne ya 19 kwa ajili ya watu ambao tayari walikuwa wametawanyika, ikawaahidi kwamba siku moja kwa mwaka ingetosha kuziba umbali wote uliowatenga, na kichekesho kilichokuja baadaye kilizaliwa ndani ya ahadi hiyo.

Simulizi ya shuleni huanzia kwenye karamu ya mwaka 1621 pale Plymouth, katika Massachusetts ya leo, ambapo walowezi wa Kiingereza wapatao 50 walionusurika majira ya baridi walikula kwa siku tatu pamoja na watu wapatao 90 wa Massasoit, kiongozi wa taifa la Wawampanoag. Karamu hiyo haikuhusu ndugu kurejea kwa wazazi, wala haikuanzisha maadhimisho ya kila mwaka. Iliunganishwa na sikukuu ya sasa zaidi ya karne mbili baadaye, na wazao wa Wawampanoag wenyewe, tangu mwaka 1970, hukutana Plymouth kila Sikukuu ya Shukrani kufanya siku ya maombolezo kwa yale yaliyowapata mababu zao. Aliyeipa sikukuu hiyo sura ya kifamilia ni mwanamke mmoja wa New England, eneo la kaskazini-mashariki mwa Marekani, aitwaye Sarah Josepha Hale, aliyezaliwa New Hampshire mwaka 1788 na kufiwa na mume mwaka 1822 akiwa na watoto watano wa kulea kwa kalamu yake. Katika riwaya yake ya Northwood, iliyochapishwa mwaka 1827, alitenga sura nzima kuueleza mlo wa Shukrani katika nyumba ya mkulima: meza ndefu, bata mzinga aliyewekwa mahali pa heshima, na familia iliyoketi kwa ukamilifu wake.

Hale akawa mhariri wa Godey's Lady's Book, jarida la wanawake ambalo kufikia mwaka 1860 lilikuwa likichapishwa nakala zipatazo 150,000, na kuanzia miaka ya 1840 alilitumia kuwashawishi magavana na marais, barua baada ya barua, waifanye siku hiyo kuwa moja kwa majimbo yote. Mnamo tarehe 28 Septemba 1863 alimwandikia Rais Abraham Lincoln, na tarehe 3 Oktoba, miezi mitatu tu baada ya mapigano ya Gettysburg yaliyoua maelfu ya vijana wa pande zote mbili za vita vya wenyewe kwa wenyewe, likatoka tangazo rasmi la kuitenga Alhamisi ya mwisho ya Novemba. Jambo hili lina uzito mkubwa kuliko linavyopewa kwa kawaida. Taifa liliamriwa kuketi mezani kama familia moja katika mwaka ambao ndugu walikuwa wakiuana, na viti vitupu vilikuwa vingi kuliko vilivyowahi kuwa. Mlo ulitarajiwa tangu mwanzo kutibu mgawanyiko, na kila kitu kinachotarajiwa kutibu hubeba ndani yake uwezekano wa kushindwa mbele ya mashahidi.

Picha za zama hizo zinaonyesha jinsi umbali ulivyokuwa kiini cha desturi. Mwaka 1867 kampuni ya uchapaji ya Currier & Ives ilitoa picha iliyotokana na kazi ya mchoraji George Henry Durrie, ikionyesha nyumba ya shamba iliyofunikwa na theluji, na mgeni aliyevaa mavazi ya safari akipokewa mlangoni huku sleji, yaani gari lisilo na magurudumu linaloburutwa na farasi juu ya theluji, ikisubiri nje. Walionunua picha hiyo kuitundika ukutani walikuwa kwa sehemu kubwa wakazi wa miji: makarani, mafundi na wafanyabiashara waliokwisha kuyaacha mashamba ya wazazi wao kwa sababu ya viwanda na reli. Ile nyumba ya shamba waliyokuwa wakiirudia mawazoni haikuwa tena makazi yao, na wengi wao wasingeweza kuishi humo zaidi ya siku mbili.

Krismasi ilipitia mageuzi yaleyale kwa njia tofauti. Wapuritani, Wakristo wa msimamo mkali walioitawala Massachusetts, walipiga marufuku maadhimisho yake kuanzia mwaka 1659 hadi 1681 na kuwatoza faini ya shilingi tano waliokamatwa wakisherehekea, na hata baada ya hapo kwa muda mrefu ilikuwa siku ya ulevi wa mitaani kuliko siku ya nyumbani. Ilibadilishwa na vitabu na majarida: hadithi ya Charles Dickens ya mwaka 1843 iliyoweka mlo wa familia maskini katikati ya maadili ya siku hiyo, na picha ya Malkia Victoria na watoto wake wakiuzunguka mti uliopambwa, iliyochapishwa London mwaka 1848, ambayo Godey's iliichapisha upya mwaka 1850 baada ya kufuta taji kichwani mwa malkia ili familia ya kifalme ionekane kuwa ya Kimarekani. Jarida la Hale, basi, lilishiriki katika kuunda sikukuu zote mbili ambazo baadaye zingekuwa jukwaa la filamu zinazojadiliwa hapa.

Sinema ilipoanza kuzungumza, mwishoni mwa miaka ya 1920, desturi hiyo ilikuwa imekwisha kukomaa kiasi cha kuchezewa jukwaani. Mwaka 1931 Thornton Wilder aliandika tamthilia fupi ya tendo moja, The Long Christmas Dinner, inayopitisha miaka 90 ya milo ya Krismasi katika chumba kimoja bila kusimama: wanaozaliwa wanaingia upande mmoja, wanaokufa wanatoka upande wa pili, na wanaobaki mezani wanarudia maneno yaleyale kuhusu hali ya hewa na mvinyo. Tamthilia hiyo si ya kuchekesha kwa maana ya kawaida, lakini iligundua jambo ambalo waandishi wote wa filamu za aina hii wangelitegemea, kwamba mlo wa sikukuu ni kipimo cha muda, na kwamba watu hupimana mezani kwa kulinganisha mwaka huu na ule uliopita. Mwaka 1939 George S. Kaufman na Moss Hart walipeleka Broadway tamthilia ya The Man Who Came to Dinner, iliyofanywa filamu mwaka 1942, ambamo mtangazaji maarufu wa redio anavunjika nyonga mlangoni mwa familia moja ya Ohio na kulazimika kukaa humo hadi Krismasi, akiwaamuru wenye nyumba na kuwachochea watoto wao wawaasi wazazi. Hapa ugomvi unaletwa na mgeni. Familia yenyewe ingali safi, na mtazamaji haambiwi kwamba kasoro ilikuwamo ndani tangu awali.

Sababu mojawapo ya usafi huo ilikuwa ya kikanuni. Kuanzia mwaka 1934 studio za Hollywood zilikuwa chini ya kanuni za maadili walizojiwekea wenyewe, zikisimamiwa na ofisi iliyosoma kila mswada kabla ya filamu kupigwa, na kanuni hizo zilitaka heshima ya ndoa na ya nyumba ilindwe. Sababu ya pili ilikuwa vita, ambavyo vilitanguliwa na mvurugano wa sikukuu yenyewe. Mwaka 1939 Rais Franklin Roosevelt aliiwahisha Sikukuu ya Shukrani kwa wiki moja ili kurefusha msimu wa manunuzi, majimbo yakagawanyika karibu nusu kwa nusu kati ya tarehe mpya na ya zamani, na kwa miaka kadhaa ndugu waliokaa majimbo tofauti hawakuwa hata na siku moja ya kukutana. Filamu ya Holiday Inn ya mwaka 1942 ilimchora bata mzinga akikimbia huku na huko kwenye kalenda bila kujua ni Alhamisi gani achinjwe, ingawa kufikia hapo sheria iliyosainiwa Desemba 1941 ilikuwa imekwisha kuliamua jambo hilo. Kisha, mwezi Machi 1943, jarida la Saturday Evening Post likachapisha mchoro wa Norman Rockwell wa bibi akiweka bata mzinga mezani mbele ya jamaa wanaotabasamu, mmojawapo wa michoro minne iliyozungushwa nchi nzima kuuza hati za mkopo wa vita na kuiletea serikali zaidi ya dola milioni 130. Ni vigumu kutaja mchoro mwingine uliowasumbua waongozaji wa filamu kama huo. Kila meza ya sikukuu iliyopigwa filamu tangu wakati huo inapimwa, kwa makusudi au bila makusudi, dhidi ya meza ya Rockwell, na mtazamaji anamjua yule bibi hata kama hajui nani alimchora.

Yaliyofuata baada ya vita yaliandaa uwanja. Sheria ya barabara kuu ya mwaka 1956 na kuenea kwa vitongoji vya nje ya miji viliwatenganisha wazee na watoto wao kwa kasi mpya. Kanuni za maadili za Hollywood zilifutwa mwaka 1968 na badala yake ukaja utaratibu wa kuzipanga filamu kwa umri wa watazamaji. Mwaka uliofuata California ilipitisha sheria iliyoruhusu talaka bila mmoja wa wanandoa kulazimika kuthibitisha kosa la mwenzake, na majimbo mengine yakafuata. Mwaka 1978 serikali iliyaachia mashirika ya ndege yajipangie nauli na njia, usafiri wa anga ukawa wa watu wengi, na ile sleji ya Currier & Ives ikageuka kuwa foleni ya uwanja wa ndege Jumatano jioni. Wakati huohuo wataalamu wa tiba ya nafsi walikuwa wamewazoesha Wamarekani wazo kwamba familia ni mfumo, na kwamba mfumo huo unaweza kuwa na hitilafu inayopokezwa kutoka kizazi hadi kizazi kama vile sura au jina. Woody Allen aliutumia ulegevu huu mpya katika Hannah and Her Sisters ya mwaka 1986, filamu iliyopangwa kuzunguka karamu za Shukrani katika nyumba moja ya New York, ambamo mume wa dada mkubwa anampenda shemeji yake huku mezani kila kitu kikiendelea kwa adabu.

Aliyeifanya aina hii kuwa ya umma mpana, hata hivyo, ni John Hughes, mwandishi wa eneo la Chicago aliyeanzia katika jarida la vichekesho la National Lampoon. Hadithi fupi aliyoichapisha humo mwaka 1979 kuhusu safari mbaya ya likizo ilizaa filamu ya mwaka 1983, na nyingine aliyoichapisha Desemba 1980, kuhusu Krismasi ya mwaka 1959, ilikuja kuwa msingi wa National Lampoon's Christmas Vacation ya mwaka 1989. Kati ya hizo mbili aliandika na kuongoza Planes, Trains and Automobiles, iliyotoka tarehe 25 Novemba 1987, siku moja kabla ya Sikukuu ya Shukrani. Ndani yake mtaalamu wa matangazo anayetoka New York kwenda Chicago anashushwa Wichita kwa sababu ya dhoruba ya theluji, na kulazimika kusafiri pamoja na mchuuzi wa pete za mapazia ya bafuni ambaye hakumchagua. Filamu karibu nzima ni njia. Nyumbani panafikiwa mwishoni tu, na hilo ndilo linaloipa nguvu, kwa kuwa Hughes alielewa kwamba katika desturi iliyojengwa juu ya umbali, safari yenyewe ndiyo ibada, na msafiri anayeteseka kwa siku mbili anathibitisha thamani ya mlo ambao angeukuta umepoa.

Christmas Vacation inaligeuza wazo hilo ndani nje. Clark Griswold, anayeigizwa na Chevy Chase, hasafiri. Anaamua kuwaita wote nyumbani kwake, wazazi wake na wakwe zake kwa pamoja, na kuwapa Krismasi kamilifu, akianza kwa kuifunika nyumba kwa taa 25,000. Wakwe wanabishana, binamu wa mkewe anawasili bila kualikwa akiwa na gari analoishi ndani yake pamoja na familia yake, bata mzinga anapopasuliwa anatoa mvuke kama puto na kubaki ngozi kavu, na bahasha ya mwajiri iliyotarajiwa kuwa na marupurupu ya mwisho wa mwaka inakutwa na uanachama wa klabu ya jemu. Mkasa huo wa mwisho ndio mzito kuliko wote. Chanzo cha hasira ya Clark ni kampuni iliyomnyima fedha ambazo alikwisha kuzitumia kwa niaba ya jamaa zake, na nyuma ya vicheko filamu inaonyesha bila kificho kwamba baba wa tabaka la kati ananunua upendo kwa mkopo. Baada ya Chris Columbus kujitoa katika kuiongoza filamu hiyo, Hughes alimkabidhi mswada mwingine wa Krismasi, Home Alone, uliotoka mwaka 1990 na kuingiza dola zipatazo milioni 476 duniani kote. Na humo pia, kabla ya mbio za wezi ambazo ndizo zinazokumbukwa, upo usiku wa chakula katika nyumba iliyojaa jamaa kiasi kwamba mtoto mmoja anaweza kutukanwa na wote na kusahauliwa asubuhi yake.

Mtazamaji makini atakuwa ameona kwamba yule ndege ana sehemu yake katika kila kisa. Katika A Christmas Story ya Bob Clark, ya mwaka 1983, mbwa wa jirani wanamrarua mezani na familia inaishia kula bata katika mkahawa wa Kichina. Kwa Hughes anakauka. Kwingineko anaungua, anadondoka au anabaki mbichi. Bata mzinga hutumika hivi kwa sababu za kiutendaji kabla ya kuwa za kiishara: ni mkubwa kuliko nyama yoyote ambayo mpishi wa nyumbani huiandaa kwa mwaka mzima, huchukua saa nyingi za moto, hawezi kurudiwa akiharibika, na hukatwa hadharani, kwa kawaida na mwanamume, baada ya kupikwa, kwa kawaida na mwanamke aliyeamka alfajiri. Hale alipoandika Northwood aliisifu kazi hiyo bila kuhesabu saa zake. Filamu za mwishoni mwa karne ya 20 ndizo zilizoanza kuzihesabu, na kumwonyesha mama wa nyumba akiwa ndiye mtu pekee asiye na nafasi ya kugombana kwa sababu mikono yake ina kazi.

Kazi iliyokamilika kuliko zote katika aina hii ni Home for the Holidays ya mwaka 1995, iliyoongozwa na Jodie Foster kwa mswada wa W. D. Richter uliotokana na hadithi fupi ya Chris Radant. Claudia Larson, anayeigizwa na Holly Hunter, ni fundi wa kukarabati michoro ya kale katika jumba la makumbusho la Chicago, naye anapoteza kazi siku ileile anayopaswa kupanda ndege kwenda kwa wazazi wake Baltimore, huku binti yake akiamua kubaki. Nyumbani anamkuta mama yake Adele, aliyeigizwa na Anne Bancroft, ambaye haachi kuzungumza. Baba yake Henry, aliyeigizwa na Charles Durning, mstaafu anayepekua filamu za zamani alizozipiga mwenyewe. Kaka yake Tommy, ambaye mzaha ni kinga yake. Na dada yao Joanne, aliyebaki jirani na wazazi na kubeba mzigo wa kuwatazama, akiwa na chuki ya mtu ambaye wajibu wake hauonwi na waliokwenda mbali. Mpangilio huu wa watoto ni sahihi kiasi cha kuumiza, kwa kuwa katika kila familia iliyotawanyika yupo aliyebaki, na sikukuu, ambayo kwa wanaorudi ni ziara, kwake ni mwaka mwingine wa utumishi unaohukumiwa na wageni.

Joanne analeta bata mzinga wake mwenyewe, aliyepikwa kwa kujali afya, kwa hiyo meza ya Larson ina ndege wawili na madai mawili ya utawala. Tommy anapomkata mmoja, ndege anateleza na kumwangukia Joanne mapajani, na hasira inayolipuka inatoa siri ambayo wazazi hawakuambiwa, kwamba Tommy amefunga ndoa na mwenzi wake wa kiume bila kuwaalika. Glady, dada yake Adele ambaye akili yake imeanza kutangatanga, anatangaza mbele ya wote kwamba siku zote amempenda shemeji yake. Foster hamalizi ugomvi huu kwa kukumbatiana. Claudia anamfuata dada yake nyumbani kwake na kumkuta akifanya mazoezi kwenye mashine, na Joanne anamweleza kwamba kama wangekutana tu njiani asingependa kujuana naye. Claudia anakubali bila kubisha, kwani kupendana si sharti la kuwa ndugu. Hakuna filamu nyingine ya aina hii iliyothubutu kusema hivyo waziwazi na bado ikabaki na huruma kwa wote wawili, akiwemo Joanne, ambaye mwongozaji mvivu angemfanya mwovu.

Mwishoni Henry anamweleza binti yake kumbukumbu ya sekunde chache, ya siku familia iliposimama karibu na njia ya ndege kubwa inayopaa na Claudia mdogo hakuogopa, naye anasikitika kwamba hakuinasa kwa kamera. Filamu inafungwa kwa picha za matukio ya namna hiyo, ambayo hayakupigwa na mtu yeyote. Kwa hatua hiyo Foster anaijibu meza ya Rockwell kwa namna ambayo haikuwa imejaribiwa: furaha ya familia ya Larson ni ya kweli, ila ilipita wakati ambao hakuna aliyeipanga, na siku iliyopangwa kwa ajili yake haikuweza kuirudisha.

Si bahati tu kwamba kisa hiki kiko Baltimore, mji wa bandari uliojengwa na wahamiaji. Miaka mitano kabla, Barry Levinson, mzaliwa wa mji huo, alikuwa ametoa Avalon, filamu ya majonzi yenye vicheko ndani yake, kuhusu ukoo wa Kiyahudi wa Krichinsky ambao mzee wake anayesimulia alifika mwaka 1914. Wazee wa ukoo hawaielewi vyema Sikukuu ya Shukrani, lakini wameipokea kama ada ya kuwa Wamarekani. Kisha watoto wao wanahamia vitongojini, safari ya mezani inarefuka, na mwaka mmoja bata mzinga anakatwa kabla ya Gabriel, kaka mkubwa ambaye kila mara huchelewa, kuwasili. Gabriel anaondoka kwa ghadhabu na ukoo unapasuka. Tukio hilo linachekesha kwa muda mfupi tu, na kwa yeyote anayejua nafasi ya mkubwa katika ukoo linaacha kuchekesha mara moja, kwa sababu aliyevunjiwa heshima hakudai nyama, alidai kusubiriwa.

Ulinganisho na Italia unafaa hapa, japo kwa ufupi. Katika Parenti serpenti ya Mario Monicelli, ya mwaka 1992, watoto waliokwisha kuwa watu wazima wanarudi kwa wazazi Sulmona kwa Krismasi, na bibi anatangaza mezani kwamba yeye na mumewe sasa wanataka kuhamia kwa mmoja wao, watoto waamue ni nani. Uamuzi wanaoufikia ni wa mauaji. Katika filamu za Kimarekani swali hilo haliulizwi kamwe. Wazazi wana nyumba yao, watoto wana tiketi ya kurudi, na kila ugomvi unavumilika kwa kuwa unajulikana utakwisha Ijumaa au Jumapili uwanja wa ndege ukifunguliwa.

Wamarekani Weusi walikuwa na historia yao ya umbali, kwani kati ya miaka ya 1910 na 1970 wapatao milioni sita waliondoka majimbo ya kusini kwenda miji ya kaskazini na magharibi, na chakula kilikuwa mojawapo ya vitu vichache vilivyoweza kusafirishwa. Soul Food ya George Tillman Mdogo, ya mwaka 1997, iliyowekwa Chicago, ilizungukia mlo wa kila Jumapili kwa bibi, na This Christmas ya mwaka 2007 na Almost Christmas ya 2016 zikahamishia mvutano huo kwenye sikukuu. Mwaka 2000 tamasha la Sundance lilifunguliwa kwa What's Cooking?, filamu ya Gurinder Chadha, mwongozaji aliyezaliwa Nairobi mwaka 1960 katika familia ya Kipunjabi na kukulia Southall, magharibi mwa London. Chadha aliweka familia nne za Los Angeles katika Sikukuu ya Shukrani moja: moja ya Wamarekani Weusi, moja ya Kiyahudi, moja ya Kilatino na moja ya Kivietinamu, akahamisha kamera kutoka jiko hadi jiko, na kumwonyesha ndege mmoja akipakwa viungo vya aina nne. Mtu aliyezaliwa Afrika Mashariki, mwenye asili ya India, aliyelelewa Uingereza, aliona kilichokuwa kimefichika kwa waongozaji wenyeji, kwamba sikukuu iliyobuniwa kuwarudisha watoto kwenye shamba la New England ilikuwa imekuwa mtihani wa wahamiaji, ambao wazee wanaufanya kwa kusitasita na vijana kwa aibu. Siri katika majiko yote manne zinafanana, na nyumba zenyewe, kama inavyobainika mwishoni, zinatazamana katika njia panda moja.

Peter Hedges aliipunguza desturi hadi kwenye mifupa yake mwaka 2003 kwa Pieces of April, iliyopigwa kwa kamera ndogo za kidijitali na bajeti ya dola zipatazo 300,000, ambamo msichana aliyeasi anaipikia familia yake katika fleti ya New York, jiko lake linakufa asubuhi hiyo, na kwa hiyo analazimika kugonga milango ya majirani asiowajua akiomba oveni, wakati mama yake anayeugua saratani yuko njiani, akiwa hana hakika kama anataka kufika. Ike Barinholtz, katika The Oath ya mwaka 2018, alirudisha siasa mezani kwa kubuni serikali inayowataka raia kusaini kiapo cha utii kabla ya siku inayofuata Shukrani. Filamu hiyo ina haraka na kelele nyingi, lakini ilikuwa sahihi kuona kwamba kaka na dada wa enzi hiyo waligombana juu ya habari za simu zao zaidi kuliko juu ya urithi.

Wakati huohuo televisheni ilikuwa imezipa filamu hizi nafasi ambayo watengenezaji wake hawakuitarajia. It's a Wonderful Life ya Frank Capra, iliyopata hasara ilipotoka mwaka 1946, iligeuka kuwa ya Krismasi baada ya hakimiliki yake kutohuishwa mwaka 1974 na vituo kuirusha bila malipo. A Christmas Story imekuwa ikirudiwa kwa saa 24 mfululizo kila Krismasi tangu mwaka 1997, na nyumba ya Cleveland iliyotumika kuipiga ilifunguliwa kwa wageni kama makumbusho mwaka 2006. Maktaba ya Bunge la Marekani, ambayo kila mwaka huchagua filamu 25 za kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa, iliiingiza filamu hiyo katika orodha yake mwaka 2012 na Home Alone mwaka 2023. Familia zinazokutana leo hutazama familia zinazogombana, baada ya kula, wakiwa wamejazana kwenye kochi moja, na kwa walio wengi utazamaji huo umekuwa sehemu ya ratiba ya siku sawa na kumkata bata mzinga.